Barua kwa wifi: watoto, simba na letusi za Chinatown

London

Wifi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote hatujambo, shida ni baridi tu. Mama mfikishie shikamoo yangu. Kaka ameniambia mnakuja mwanzoni mwa Februari na watoto wameshaahidiwa sikukuu ya Wachina. Nimefurahi sana. Basi isome barua hii yote kabla hamjafunga mizigo, maana siku hiyo ukiiendea vibaya watoto wataambulia kuona migongo ya watu.

Mwaka Mpya wa Kichina 2027 unaangukia Jumamosi tarehe 6 Februari. Wao nao wanafuata mwezi, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13, ndiyo maana sikukuu yao haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Safari hii mambo mawili yamekutana: Ramadhani inatarajiwa kuingia siku mbili tatu tu baada yake. Sherehe ya London hufanywa Jumapili, na tarehe yenyewe hutangazwa na London Chinatown Chinese Association, chama cha Wachina wa huku, kwa hiyo huenda sisi wakubwa tukawa na saumu. Magharibi kipindi hicho huingia saa 11 jioni na dakika chache. Tutoke mapema, turudi mapema, futari tuile nyumbani.

Gwaride huanza kama saa 4 asubuhi upande wa uwanja wa Trafalgar Square, likapanda Charing Cross Road mpaka Shaftesbury Avenue. Watu wengi hukimbilia uwanjani kwenye jukwaa, na hapo ndipo wenye watoto wanapokosea. Adhuhuri kuna hotuba, tena ndefu, na mtoto wa miaka 3 jukwaa halioni. Tuwahi ukingo wa barabara saa 3 na nusu, tusimame kwenye kizuizi mstari wa mbele, majoka yapite, kisha tuingie Chinatown, mitaa ya Wachina, kabla umati wa uwanjani haujahamia huko.

Usiwaahidi joka sana. Joka ni refu, hubebwa na watu wengi kwa fimbo na linapita haraka. Simba ndiye wa watoto. Ndani yake wamo watu wawili, mmoja kichwani na mmoja kiunoni, na yule wa mbele huvuta kamba kuchezesha kope, masikio na mdomo. Kwenye paji la uso ana kioo kidogo, cha kuwatisha mashetani wakijiona.

Kumpata kwa karibu kuna siri yake. Tembea Gerrard Street ukiangalia juu ya milango ya maduka na mikahawa. Ukiona letusi, ile saladi ya majani, imening'inizwa na bahasha nyekundu ya pesa, ujue simba atafika hapo. Simama ng'ambo ya mtaa, mshazari na mlango, mbali na mkokoteni wa ngoma. Simba atainama mara tatu, atasogea, atashtuka na kurudi nyuma kana kwamba saladi ile itamuuma. Atafanya hivyo tena na tena huku ngoma ikishuka mpaka inanong'ona. Halafu anairukia. Kichwa kinatikisika, mdomo umefumba, na ndani yule mtu anachana majani kwa mikono na kuificha bahasha. Ngoma inapanda, na majani yanarushwa kushoto, kulia, kisha katikati. Likimwangukia mtoto jani, mwache acheke nalo, ni baraka: kwa Kikantoni, mojawapo ya lugha za Wachina, jina la letusi linasikika kama maneno ya kuzalisha mali.

Ila kelele! Ngoma, matoazi na upatu katika mtaa mwembamba vinagonga ukutani na kurudi. Watoto wengi wanaolia hawamwogopi simba, ni masikio yanayouma. Nitanunua vile vizuia kelele vinavyovaliwa kama hedifoni. Uwavalishe kabla ngoma haijaanza, kwa sababu mtoto akishalia hakubali kuvalishwa kitu. Tuangalie pia vile vifuko vidogo vya karatasi vinavyolipuka vikitupwa chini. Watoto wa wenzetu huvirusha miguuni, na kokoto zake huruka.

Kigari cha mtoto tukiache nyumbani. Umati ukibana hakigeuki, na kituo cha Leicester Square hakina lifti ya kufika kwenye treni. Mdogo tutambeba mgongoni kwa kanga juu ya koti, ataona zaidi na atapata joto. Tushukie kituo cha Westminster, pana lifti, tutembee barabara ya Whitehall polepole. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima. Mabasi hayapokei fedha taslimu, kadi tu.

Kuhusu chakula, wifi, hapo uwe macho. Yale maandazi meupe ya mvuke, bao, mengi yana nyama ya nguruwe, na hata vitafunwa vya kamba mara nyingi huchanganywa mafuta yake. "Ya mboga" haitoshi, uliza pia yamekaangwa kwenye mafuta gani. Kwa hiyo chapati na mayai ya kuchemsha tutatoka navyo nyumbani, na chai kwenye chupa. Bao tukilipata lisilo na shaka, ulipasue na kusubiri dakika 5, kwa kuwa nje hupoa upesi na ndani mvuke unaunguza ulimi. Tanghulu, yale matunda ya kijiti yaliyovikwa sukari, mkubwa apewe akiwa ameketi. Mdogo asipewe: sukari ile huvunjika kama kioo, na kijiti kina ncha.

Choo safi na pa kupasha miguu joto ni National Gallery, mbele ya uwanja, kuingia ni bure. Twendeni kabla ya saa 6, foleni haijawa ndefu. Mtu akipotea tusiseme "tukutane kwenye simba". Chini ya mnara wa Nelson wapo simba wa shaba wanne wanaofanana, na siku hiyo kila kona ina simba wake. Tukutane kwenye ngazi za kanisa la St Martin-in-the-Fields. Namba yangu ya simu iandikwe kwenye karatasi na kufungwa mkononi mwa kila mtoto.

Jambo moja la kumwandaa mkubwa: kila mwaka wa Kichina una mnyama wake, na kwenye meza za kuchora wanyama hao watoto huulizwa wamezaliwa lini. Yeye ni wa tarehe 10 Januari 2020, na orodha nyingi zitamwita panya. Mwaka wa panya ulianza tarehe 25 mwezi ule, hivyo kwa hesabu yao yeye ni wa nguruwe. Mweleze mapema asije akalia hadharani. Mdogo wa Machi 2024 ni joka, atatamba.

Nguo: fulana ya pamba, sweta, koti lisilopitisha maji, soksi mbili. Rangi nyekundu ndiyo ya siku, nyeupe tupu kwao ni ya msiba, hivyo kanzu ya Idi tuiweke. Wakipewa bahasha wapokee kwa mikono miwili, kama ulivyowafundisha, na waseme "Gung hei faat choi", salamu yao ya kutakiana mali.

Leta kanga mbili za kubebea, zile nzito.

Wifi yako