Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Kijana tuliyemkamata usiku alikaa dawati moja na mwanangu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu kutoka Majohe, huku nyuma ya Gongo la Mboto. Mimi ni fundi seremala na baba wa watoto watatu. Wawili wamemaliza shule ya msingi ya Serikali hapa kwetu, na wa mwisho bado yupo. Niko kwenye ulinzi shirikishi wa mtaa, na pia ni mjumbe wa kamati ya shule, hivyo usiku nazunguka na filimbi na mchana natengeneza madawati yaliyovunjika. Ninalotaka kukueleza nimeliona kwa sababu nipo pande zote mbili.

Ijumaa moja usiku, mwezi uliopita, filimbi ililia upande wa bondeni. Tulipofika tulikuta watu wamemzunguka kijana, kalala kifudifudi, panga lake limetupwa pembeni. Walikuwa watatu, wenzake wawili wamekimbia. Walimvamia wakala wa fedha za simu akiwa anafunga kibanda, wakamkata mkono. Watu walikuwa na hasira, na tairi lilikuwa limeshaletwa. Mjumbe wetu wa shina, mama mtu mzima, alisimama katikati akasema atakayewasha kiberiti aanze na yeye. Hapo ndipo nilipommulika yule kijana usoni.

Nilimjua. Na yeye alinijua. Pale chini, damu mdomoni, akaniamkia: "Shikamoo baba."

Ana miaka kumi na mitano. Darasa la tano alikaa dawati moja na mwanangu wa pili, wao na wenzao watatu, kwenye dawati ambalo mimi mwenyewe nililipigilia kwa ajili ya watoto watatu.

Siandiki kumtetea, Mheshimiwa. Mkono wa yule wakala umeshonwa nyuzi nyingi na hajui kama vidole vitarudi kufanya kazi. Nyumbani kwangu pia jambo hili limeingia. Mke wangu anauza samaki. Alikuwa akiondoka saa kumi alfajiri kwenda soko la samaki la Feri, mpaka asubuhi moja mwaka jana alipopigwa kabali kabla hajafika kituo cha daladala. Walichukua mtaji wote, shilingi 85,000, na hadi leo shingo haigeuki vizuri upande wa kushoto. Sasa huondoka kukishapambazuka, na akifika Feri samaki wazuri wameshapigwa mnada. Amenusurika, lakini kila siku anaendelea kuibiwa kidogo kidogo kwa namna hiyo. Jirani zetu wengine wanalizwa na vishandu, wale wa kupora simu na mikoba juu ya bodaboda. Kituo kidogo cha polisi kilicho karibu nasi hufungwa jioni, saa zilezile ambazo tungekihitaji.

Nakumbuka Januari 2015, jioni ambayo jiji zima lilifunga milango kwa hofu ya Panya Road, yale makundi ya vijana wenye mapanga. Watu walikimbia hovyo barabarani, mama zetu walituita ndani kama vifaranga, nasi watu wazima. Ikafuata operesheni, vijana kwa mamia wakakamatwa. Septemba 2022 wakarudi, watu wakakatwa mapanga ndani ya nyumba zao, na ikafuata operesheni nyingine. Tuliishukuru kila moja, kwa sababu tulipata usingizi. Lakini sisi tunaozunguka usiku tunajua kinachofuata: miezi michache ya utulivu, kisha sura mpya. Na kila zinaporudi ni sura za watoto wadogo zaidi.

Baada ya usiku ule niliomba ruhusa ya kuangalia madaftari ya mahudhurio ya miaka ya nyuma. Nilikuwa na majina ya vijana ambao kikundi chetu kimewahi kuwakamata na kuwafikisha polisi. Karibu wote niliwakuta mle. Ukifuata mstari wa jina unaona alama za kuhudhuria, halafu zinaanza kupungua darasa la tano au la sita, halafu mstari mtupu mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna aliyeandika mtoto huyu alikwenda wapi, na mimi nikiwa mjumbe wa kamati sikuwahi kuuliza.

Shule yetu ina awamu mbili, asubuhi na mchana. Mwongozo wa Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Sisi tunapita mara mbili ya hapo na bado wengine wanakaa chini. Mtoto wa awamu ya mchana ana asubuhi nzima bila mtu mzima, kwa sababu mzazi wake alishaondoka gizani kwenda Kariakoo au Feri au kwenye nyumba za watu. Mtoto wa asubuhi ana mchana wote. Vijiwe vinaijua ratiba hiyo kuliko kamati ya shule. Mashine za dubwi, zile za kamari, zimewekwa palepale njia ya kwenda shule, zinameza sarafu za mia mbili mbili, na huko ndiko mtoto anakutana na kaka mkubwa anayempa nauli, kisha anamtuma kazi ndogo, kisha kubwa.

Shemeji yangu ni mlinzi Upanga, na mwanawe anasoma shule ya Serikali hukohuko. Nilikwenda kumtembelea, nikasimama dirishani. Kila mtoto ana mahali pa kuweka kiwiko. Kuna maktaba, kuna ukuta na geti. Tena Upanga hiyohiyo kuna Olympio na Diamond, shule za Serikali zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ambako wazazi hulipia. Siwaonei wivu watoto wale, wamestahili. Ila mtihani wa darasa la saba watafanya siku moja na wa kwetu, karatasi ileile ya hesabu, na mbele yake watasimama kama walitoka mstari mmoja.

Najua pengo hili halikuletwa na mtu kukaa mezani akapanga tuonewe. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi, na wengi wao hawakupata pa kuishi Upanga. Walinunua viwanja vya miguu ishirini kwa ishirini huku Majohe, Chanika, Kivule, Mbagala. Watoto walihamia huku kabla ya madarasa, na walimu wengi bado wanapenda kubaki mjini.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Gawa kwa siku 194 za masomo unapata kama shilingi 51 kwa siku, na andazi kwetu ni 200. Kiasi ni sawa kwa shule ya mjini na ya kwetu, na watu husema hapo ndipo penye haki. Lakini shule ya mjini ikipungukiwa, wazazi wanaitwa kikao kimoja wanamaliza. Huku upungufu unamfuata mtoto mwenyewe: mia tano ya masomo ya ziada, mia mbili ya mtihani wa Jumamosi. Asiye nayo husimama nje ya darasa.

Nilikwenda kwa mama wa yule kijana. Anauza vitumbua. Hakulia mbele yangu, alisema tu, "Mwanangu alichoka kusimama nje." Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, maana mimi nilikuwa kwenye kikao kilichopitisha zile mia tano na niliinua mkono kukubali.

Madarasa yamejengwa, naliona hilo. Fedha za UVIKO-19 zilileta vyumba 15,000 nchini: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani vituo vidogo vya kusomea watoto wanaokaa mbali na shule mama. Shule ya msingi iliyofurika pembezoni mwa jiji haikuwa lengo la mpango ule. Na sasa kuna jambo linakuja. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliowatangulia wanamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Ukiuliza ni kata zipi zitakosa nafasi, sisi huku tunalijua jibu tangu leo.

Tena kuna umri ambao hauna mwenyewe. Mtoto akitoka shule ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Kitambulisho cha Taifa, cha NIDA, mpaka afike kumi na minane. Bila NIDA hasajili laini kwa jina lake. Mkopo wa vijana wa halmashauri haumhusu, leseni ya bodaboda hapati. Kwa miaka minne au mitano hakuna ofisi ya Serikali inayomwita kwa jina isipokuwa polisi. Kaka wa kijiweni anamwita kwa jina kila asubuhi.

Mheshimiwa, wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa. Ombi langu kubwa ni kwamba siku mnapozungumzia uhalifu, madaftari ya mahudhurio yawe mezani pamoja na taarifa za polisi. Mtoto akikosekana wiki mbili, mwalimu mkuu ampe mtendaji wa mtaa jina lake, na sisi wa ulinzi shirikishi tutakwenda nyumbani kwao. Tunazijua nyumba zote na tutaifanya kazi hiyo bila posho. Waraka wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa kurudi kwa walioacha shule, lakini mtaani kwetu watu wengi wanaamini ni wa wasichana waliopata ujauzito tu. Itangazwe kwenye mikutano ya mitaa kwamba na wavulana wamo. Asitolewe mtoto nje kwa ajili ya mia tano. Na kabla ya 2027 kila kata ya pembezoni ihesabiwe, tuambiwe madarasa mangapi yanakuja na lini. Mashine za dubwi karibu na shule, hizo zinaweza kuondoka wiki hii.

Yule kijana yuko mahabusu ya watoto, Upanga. Ndio mara yake ya kwanza kulala mjini. Mwanangu ameniomba nimpeleke akamwone, nami nimekubali.

Binti yangu yuko darasa la sita, awamu ya mchana. Ninapoandika ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, wameshafunguliwa, na njia yao inapita bondeni ambako taa ya barabarani haijawahi kuwekwa. Naomba niishie hapa nikampokee.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi seremala, mkazi wa Majohe