Minazi ya babu yako

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kabla hujasikia kwa watu wa hapa Kimbiji, nataka ulisikie kwangu: minazi ya babu yako tumeanza kuikata. Juzi ilianguka 11, upande wa kisimani. Nilisimama pale hadi ule wa mwisho, maana sikutaka ikatwe bila mtu wa nyumbani kuwepo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukivusha magunia ya nazi kwa pantoni, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016? Tangu hapo ule ugonjwa wa kunyong'onyea umekwenda mnazi hadi mnazi. Vidaka vinapukutika, karara linatoka jeusi, makuti yanageuka manjano, mwisho kilele chote kinaanguka na kubaki gogo tupu. Dawa yake hakuna. Mara mbili nimepanda miche mipya, na mnazi wetu huu mrefu unataka miaka 6 au zaidi ndipo uzae. Mara zote mbili haikufika huko. Madalali wa viwanja nao hawakauki mlangoni. Siuzi.

Wazo lako la kupanda lavenda, lile ua la manukato, sikulipuuza. Ile picha ya mashamba ya zambarau ya Ufaransa nimemwonyesha hata shangazi yako, akaishika simu muda mrefu. Lakini lavenda kwao ni nchi za Bahari ya Mediterania. Inataka udongo usiotuamisha maji, na hewa kavu. Hapa kwetu masika yakiingia hata nguo kabatini zinaota ukungu, mwanangu. Mizizi ingeoza kabla hatujaona ua.

Ila jambo moja uliliona vizuri kuliko mimi: shamba linaweza kuuza harufu. Ndiyo maana nimechagua langilangi, ule mti wa maua yanayonukia.

Mlangilangi joto na unyevu ndivyo vinavyoustawisha. Wakomoro wamekuwa wakiuza mafuta yake nje kwa miaka mingi, na yanaingia kwenye manukato ya bei kubwa. Na si mgeni kwetu. Bibi yako alikuwa na mmoja nyuma ya jiko. Kila kukiwa na harusi mtaani, wanawake walikuja alfajiri kuomba maua, wakayaloweka kwenye mafuta ya nazi au kuyachanganya na asumini na mrehani kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba. Nilipoolewa nilipakwa mafuta hayo. Mpaka leo nikisikia harufu ile namwona mama yangu amekaa kwenye mkeka, anatunga maua.

Kazi yake ni ya kushika sana. Mti usipokatwa kilele unakwenda juu usikofika mkono, kwa hiyo tutaudumaza, matawi tuyavute chini. Ua halichumwi likiwa kijani; unangoja liwe la manjano na lionyeshe alama nyekundu katikati. Huchumwa asubuhi na mapema, na siku hiyohiyo liingie kwenye mtambo wa kukenekesha, yaani wa kutoa mafuta kwa mvuke, la sivyo harufu inapotea. Kilo 100 za maua hutoa mafuta kama kilo 2 tu. Usishangae basi nikikuambia kwamba mtambo ndio unaoninyima usingizi, si miche. Bila mtambo wa karibu tutakuwa na shamba la maua ya harusi, basi.

Kwa hiyo nimeanza na nusu eka. Miche 60 iko kitaluni chini ya makuti, na katikati ya mistari nitapanda kunde na muhogo mpaka milangilangi itakapochanua, miaka miwili au mitatu hivi. Kikundi cha akina mama wa hapa tumekubaliana kuchangia mtambo kidogo kidogo. Fedha unayonitumia kila mwezi nusu yake naiweka huko. Kama hupendi niambie wazi, sitakasirika.

Minazi minne iliyo karibu na kaburi la babu sikuigusa. Miwili bado inazaa. Ukija likizo nitakuangulia madafu, na kesho yake uamke nami alfajiri tupande mstari wa kwanza.

Mama yako