Shukrani kwa muuguzi wa utafiti wa chanjo, Korogwe

Dada muuguzi, jina lako silijui, ila shukrani zangu nazitoa hadharani.

Mwaka 2010 mama yangu, ambaye hakusoma, alimpeleka mdogo wangu kwenye utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S pale Korogwe. Ulimsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, mbele ya shahidi, kabla hajaweka dole gumba. Hukumficha kitu: kwamba watoto wengine watapewa chanjo ya malaria na wengine ya kichaa cha mbwa ili matokeo yalinganishwe, na hata daktari atakayewapima hatajua nani kapata ipi, kwamba akitaka kujitoa atajitoa, na mtoto ataendelea kutibiwa. Akauliza kuhusu damu, maana mtaani walisema inauzwa. Hukumcheka. Ulimwonyesha kichupa chenyewe, ukamweleza kwamba inakwenda kupimwa vimelea. Kwangu mimi, haki ya utafiti huanzia hapo.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Wanasayansi walipongezwa, na walistahili. Nawe ulistahili.

Mama anakusalimu sana. Mungu akulipe kheri, wewe na wenzako wa zamu ile.