Barua kwa mwanangu aliyeko Leipzig

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na ndugu yako ataipiga picha akutumie, kwa sababu ninayotaka kuyasema hayatoshi katika ujumbe wa simu. Ile picha ya juzi usiku uliituma ili tuione theluji dirishani. Mama yako aliiona theluji, mimi nikaona kilichokuwa juu ya kitanda, pakiti ya biskuti iliyoliwa nusu na chupa ya maji. Nilipokuuliza umekula nini, ulinijibu kwamba umeshiba. Jibu hilo nalijua, maana na mimi nimewahi kulitumia.

Nakuomba, kabla ya jambo jingine lolote, usile vitu vikavu peke yako chumbani katika baridi hiyo. Mwezi huu wa Disemba jua la huko linazama kama saa kumi jioni, na mtu akishajifungia ndani saa hiyo, hana tena nguvu ya kutoka. Vaa koti, ingia bekari yenye viti, litundike koti kwenye kigingi kama wafanyavyo wenyeji, kisha uketi ule kitu cha moto mpaka miwani yako iache ukungu.

Nilipofika Leipzig mwaka 1984 kujifunza Kijerumani katika Taasisi ya Herder, mkate mdogo wa mviringo, ambao wenyeji huuita Semmel, uliuzwa pfenigi 5 tu, yaani senti za huko za wakati ule. Nilikuwa nikinunua mitatu asubuhi, nikiila bwenini mmoja mmoja mpaka usiku, huku nikimwandikia bibi yako kwamba tunakula nyama kila siku. Posho ilitosha, nilikuwa nikiiwekea akiba ile cherehani unayoijua. Mwezi wa Februari nilianguka ndani ya tramu. Bibi yako alifariki akiamini habari za ile nyama.

Najua utasema unaogopa nguruwe, na katika hilo uko sahihi, lakini hofu hiyo haina haja ya kukurudisha kwenye biskuti. Supu ya dengu ya mikahawa ya Kijerumani mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, basi uliza kabla ya kuagiza. Ile ya Waturuki, ambayo Berlin utaikuta kila mtaa wa Kreuzberg, kwa kawaida haina nyama kabisa, nayo huletwa na limau na mkate. Hapo Leipzig tafuta Quarkkeulchen, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na jibini laini la maziwa, vikakaangwa na kuliwa vya moto na rojo la tufaha. Uliza tu vimekaangwa kwa mafuta gani, kwa kuwa wapo wanaotumia mafuta ya nguruwe, hasa kwa maandazi yale yenye jemu ndani ambayo Berlin huitwa Pfannkuchen na kwingine huitwa Berliner. Kijerumani chako kinanishinda sasa. Sielewi kwa nini kiwe hodari darasani huko Hamburg unakosoma, halafu safarini kikose ulimi mbele ya muuza mikate.

Usiondoke hapo bila kuonja Leipziger Lerche. Zamani watu wa mji huo walikuwa wakiwala ndege wadogo wa mashambani, mpaka uwindaji wake ulipopigwa marufuku katika Saksonia mwaka 1876, ndipo waokaji wakabuni kitobosha cha lozi zilizosagwa, wakakifunga juu kwa vipande viwili vya unga vilivyopishana, kama ndege aliyefungwa uzi tayari kwa kuokwa. Mimi nilikipita dirishani mwaka mzima. Ukifika Dresden utaona Stollen, mikate mitamu ya Krismasi, zimepangwa kama watoto waliofunikwa shuka nyeupe za sukari, katika soko la Striezelmarkt ambalo lipo tangu mwaka 1434; hizo nazo uliza, kwa sababu zabibu zake kavu mara nyingi hulowekwa katika pombe.

Sasa nisikilize kuhusu tarehe. Siku ya 24 maduka hufungwa mchana, na siku za 25 na 26 ni sikukuu. Jumapili pia maduka ya vyakula hufungwa, ingawa bekari nyingi hufungua saa chache za asubuhi. Ukiwa hukujiandaa, utarudi kwenye biskuti, tena safari hii bila kupenda. Katika siku za kazi kula mlo wako mkubwa mchana, maana mikahawa mingi huwa na chakula maalumu cha saa hizo kwa bei nafuu kuliko jioni. Chukua na fedha taslimu, kwani baadhi ya maduka madogo hayapokei kadi.

Kuhusu fedha, ule ujumbe wangu wa mwezi uliopita juu ya bati la jikoni haukuwa wa haraka kama nilivyouandika. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nikaandika kwa hasira ya kuona maji yakidondokea magunia ya mchele. Ulipotuma zile fedha siku ya pili yake nilijivuna mbele ya majirani, wala sikuuliza umezitoa wapi. Bati limeshawekwa na jiko halivuji; usitume nyingine mpaka umalize safari yako, na hili mama yako amenitaka nilikariri.

Paka amezaa watatu chini ya kabati la vyombo. Mama yako anauliza kama huko kuna sufuria nzito ya mkate wa kumimina, kwa sababu ya kwetu imepinda; wa leo umeungua chini nilipokuwa nikiandika badala ya kuyaangalia makaa, naye hajaniambia neno tangu alasiri. Kesho saa saba za huko nitumie picha ya sahani, na uso wako uwemo.

Wako,
Baba