Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasafirishaji wa vifurushi,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema adui yetu ni mafuta na ubovu wa magari. Nilisema nusu ya kweli. Mwaka huu nimekaa na malalamiko yaliyoletwa kwenye dawati la chama, nikayasoma moja moja, na nimeona kwamba vifurushi vingi vilivyochelewa havikuchelewa njiani. Vilikuwa vimekaa. Kimoja kiko ghalani kinasubiri namba ya simu iliyokosewa tarakimu moja, kingine kiko forodhani kinasubiri mtu aseme ndani mna nini. Gari lipo, dereva yupo, habari za mzigo ndizo hazipo. Kwa hiyo leo nitazungumzia zaidi hizo habari. Mahesabu atayasoma mhazini.

Lililotutikisa kuliko yote mnalijua. Tarehe 29 Agosti Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kutoka nchi zote. Vifurushi vya kutoka China vilikuwa vimeshaupoteza tangu tarehe 2 Mei. Mashirika mengi ya posta yalisimamisha huduma ya kwenda huko, kwa sababu hayakuwa na utaratibu wa kukusanya ushuru kabla mzigo haujaondoka. Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kuwa vifurushi vya posta kwenda Marekani vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wateja wa posta wakatukimbilia sisi. Tuliwapokea kwa bashasha, na bashasha ile haikumaliza wiki.

Niwape mfano wa mwanachama mmoja aliyekubali nisimulie bila kumtaja. Alipokea boksi, mtumaji akaandika kwenye fomu neno moja: "nguo". Forodha ikauliza: ya kiume au ya kike? Kitambaa ni cha fulana au cha shati la kawaida? Pamba au nailoni? Imetengenezwa nchi gani? Kila jibu lina namba yake ya bidhaa, na kila namba ina ushuru wake. Boksi lililala siku tisa huku barua pepe zikipishana. Siku ya kumi binti wa mapokezi akachoka, akampigia mtumaji na kumwomba ageuze kola ya shati la aina hiyohiyo lililobaki kwake, asome kilebo cha ndani. Akasoma. Haikuchukua hata dakika moja, na mzigo ukatoka kesho yake.

Siku tisa zile zilikuwa zetu. Forodha haikuwa na kosa. Swali lile lingeulizwa kaunta, mtumaji akiwa bado amesimama mbele yetu, lingekwisha palepale.

Wala si jambo geni. DHL ilianza mwaka 1969 huko San Francisco kwa kazi ambayo haikuwa hata ya kubeba mizigo: walikuwa wakipeleka nyaraka za meli kwa ndege hadi Honolulu, ili meli ikitia nanga iwe imeshashughulikiwa na forodha. Karatasi ilitangulia shehena. Na Fred Smith, mwanzilishi wa FedEx, aliyefariki Juni mwaka huu, alikuwa akisisitiza kwamba taarifa za kifurushi zina umuhimu sawa na kifurushi chenyewe. Usiku wao wa kwanza, Aprili 1973, walisafirisha vifurushi 186 kwa ndege 14. Wapo humu ukumbini wanaopita idadi hiyo kabla ya saa sita mchana, na bado hawajui nusu ya walichobeba ni nini.

Sasa teknolojia, maana najua wengi mmeisubiri. Baadhi yenu mliandika mkitaka chama kichangishe fedha za droni. Kamati imekataa, na mimi niliongoza kukataa. Droni zina mahali pake. Rwanda zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu Oktoba 2016, na zinafanikiwa kwa sababu mzigo ni mwepesi, ni wa kufa na kupona, na mahali pa kuudondosha panajulikana. Sisi tunabeba magodoro ya watoto, vipuri na viatu, tunawapelekea watu ambao hawajui wao wenyewe watakuwa wapi saa tisa.

Ubunifu ulioleta faida mwaka huu hauna mvuto wa kupigwa picha. Usiku mmoja nilisimama kando ya mkanda wa kuchambulia vifurushi. Boksi likapita, lebo yake imebandikwa kwenye kona, nusu upande huu, nusu upande ule. Mashine ikashindwa kusoma msimbopau, ikalitema. Likarudishwa, likatemwa tena. Mara ya tatu mama mmoja aliyekuwa na kiskana cha mkononi akalishika, akabandua lebo kwa ukucha, akaibandika upya ikalala sawa, akainyoosha kwa kidole gumba. Mlio mmoja, likaenda. Nilimuuliza hufanya hivyo mara ngapi kwa zamu moja. Akacheka tu. Waliohamia kwenye lebo za QR wana nafuu kidogo, kwa kuwa msimbo ule, uliobuniwa Japani mwaka 1994, huweza kusomeka hata sehemu yake ikichafuka au kuchanika. Lakini hakuna msimbo unaovumilia kukunjwa kwenye kona. Wafundisheni watu wa kaunta.

Programu za kupanga njia nazisifu, ila kwa kiasi. Vituo 10 tu vinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Vikifika 15 ni zaidi ya trilioni moja. Hakuna kichwa cha binadamu kinachopitia yote hayo, kwa hiyo programu tunazihitaji. Tatizo ni kwamba programu haijui geti la nyuma hufungwa mchana, wala haijui kwamba lifti ya jengo fulani ni mbovu tangu mwezi uliopita. Dereva anajua. Mwanachama aliyewapa madereva wake kitufe cha kuandika mambo kama hayo, yakabaki kwenye anwani kwa ajili ya dereva wa kesho, ameniambia safari za bure zimepungua kuliko alipobadilisha pikipiki zote. Makabati ya kuchukulia vifurushi nayo, yanayotumika Ujerumani tangu 2001, yanastahili kujaribiwa na walio na wateja wengi eneo moja: unashusha vingi kituo kimoja, na humtafuti mtu.

Kuhusu mizigo mikubwa isiyo na uzito, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu sisi usufi ndio unaotia hasara. Boksi la mito lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 linaweza kuwa na kilo tatu kwenye mizani, lakini kwa hesabu ya ujazo, ukizidisha vipimo hivyo vitatu kisha ukigawanya kwa 5,000, ni kilo 24. Anayetoza kilo tatu anamlipia mteja nafasi ya ndege kutoka mfukoni mwake. Halafu anakuja kwenye kamati kulalamika kwamba wenzake wanatoza ghali.

Betri za lithiamu sitazungumza kwa utani. Kamati imekuta vifurushi vya betri za akiba vimeandikwa "vifaa vya simu". Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka ndani ya shehena iliyokuwa na betri za aina hiyo. Marubani wote wawili walikufa. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na zile za ndege za mizigo hutakiwa zisizidi chaji ya asilimia 30. Atakayekutwa akificha betri kwa jina jingine, kamati itapendekeza afukuzwe, na sitapokea simu ya mtu yeyote ya kumwombea.

Jambo dogo la karatasi: kikomo cha fidia ya mizigo ya ndege chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 kilipanda kutoka SDR 22 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) hadi SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024. Hati za wengi wenu bado zina 22. Moja niliyoletewa ina 17. Chapisheni upya.

Nimebakiza lenye ubishi. Wengi wetu tunawalipa wapelekaji kwa kila kifurushi kilichopokelewa. Kisipopokelewa, hakuna malipo. Sasa fikirini: mtumaji kakosea namba, kaunta haikuhakiki, mpelekaji kapanda ghorofa nne, kagonga, kasubiri, kashuka na boksi lake begani. Kosa la watu wawili, gharama kalipa wa tatu, naye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Ninyi wenyewe mnalalamika kwamba wanakimbia hovyo barabarani. Anayelipwa kwa kugonga mlango uliofunguliwa tu atakimbiaje polepole?

Kamati inaleta azimio kwamba kila jaribio halali la kupeleka mzigo lilipwe, na kwamba namba ya mpokeaji ihakikiwe kwa ujumbe kabla kifurushi hakijatoka kaunta. Wenye makampuni madogo wamenionya kwamba sehemu ya kwanza itawaumiza, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana tumeweka kipindi cha mpito cha miezi sita. Sehemu ya pili haihitaji mpito, inaweza kuanza Jumatatu. Katibu atagawa karatasi za kura baada ya mapumziko.

Mwenyekiti