Vifaa vya kufundishia somo la matetemeko ya ardhi

Ndugu walimu wenzangu,

Nimeweka hapa kikundini faili lenye vifaa vya somo la matetemeko ya ardhi, nanyi mtaona kwamba majaribio ni mengi kuliko michoro. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Ninalolipenda zaidi linahitaji kipande cha mbao, msasa na mpira wa kufungia: mwanafunzi huuvuta mpira polepole, kipande kikabaki kimeng'ang'ania juu ya msasa huku mpira ukitanuka, kisha kikachupa mbele ghafla, kama miamba iliyokwama kwenye ufa inavyoachia nguvu iliyolimbikizwa kwa miaka mingi. Warudie mara kumi wakipima kila mruko, nao watagundua wenyewe kwa nini siku ya tetemeko haitabiriki.

Kwenye namba za kupimia ukubwa wa tetemeko, tafadhali msiharakishe. Wanafunzi wengi hudhani kwamba 7 imeizidi 6 kidogo tu, ilhali nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32; tetemeko la Chile la mwaka 1960, lenye ukubwa wa 9.5, ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo.

Zoezi la kujikinga chini ya meza lifanywe kwa vitendo. Atakayeshindwa kulifungua faili aniandikie kabla ya Ijumaa.