Kwa wanaohudumu huku moyo umepoa

Wanangu wa vikundi vya sifa, waombezi wa makesha, walimu wa shule ya Jumapili na nyote mnaohudumu makanisani hapa Mombasa, kuanzia Likoni na Changamwe hadi Kisauni: Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mnaokuja. Aliyeacha kuja kanisani anajua ameacha, lakini ninyi sauti bado zinapanda na mikono bado inainuka, na Neno likisomwa halichomi tena. Wimbo uliokuwa ukiwatoa machozi mnauimba huku mkiwazia spika inayokoroma. Maombi ya faragha yamebaki dakika mbili kabla ya usingizi. Waraka kwa Waebrania 5:11 unasema juu ya watu waliokuwa wavivu wa kusikia. Kanisa la Efeso, katika Ufunuo 2, lilisifiwa kwa matendo, taabu na subira, ila lilikuwa limeuacha upendo wake wa kwanza. Kazi yao haikupungua hata kidogo, na ndiyo maana hali hii ni ngumu kuiona.

Tukipoa, wengi wetu hukimbilia kuongeza: kesha jingine, mfungo mwingine, semina nyingine. Siyapingi makesha. Lakini waulizeni mafundi wa majahazi wa pwani hii. Jahazi likiwa zito ilhali tanga limejaa upepo, dawa yake si tanga la pili. Hungojwa maji yapwe, jahazi likae mchangani, ndipo fundi aingie chini na kukwangua vyote vilivyoganda mahali ambapo abiria hapaoni. Nyufa hukalafatiwa, ndiko kuzibwa, kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha ubao hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi hiyo haifanyiki chombo kikiwa safarini. Basi simameni kidogo, mjichunguze.

Kabla ya kutafuta dhambi, uliza kwanza habari ya usingizi. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la “Unafanya nini hapa, Eliya?” lilikuja baada ya chakula, usingizi na safari ya siku 40. Wewe wa zamu za usiku bandarini, wewe unayenyonyesha, wewe uliyefiwa juzi, huenda moyo wako haujapoa, umechoka tu. Na huzuni ikikaa majuma mengi, chakula hakipiti, au ukawaza kujiua, mwambie mtu leo na uende kwa daktari. Asikuambie mtu yeyote kwamba ni upungufu wa imani.

Mwili ukiwa umetulia, tenga muda wa saa mbili, Jumamosi asubuhi ikiwezekana. Usiku sana haufai, kwa kuwa uchovu huyafanya makosa yote yaonekane makubwa sawasawa. Chukua daftari na kalamu, simu iache chumba kingine. Anza na shukrani, utaje mambo matano ya juma lile. Ignasio wa Loyola, padri Mkatoliki aliyefundisha kujichunguza kwa hatua tano katika karne ya 16, aliiweka shukrani mbele ya makosa, na nadhani alikuwa na hekima: asiyekumbuka wema wa Mungu hujichunguza kama mshtakiwa, na mshtakiwa huficha. Kisha omba Zaburi 139:23: “Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu.” Tazama anayechunguza ni nani. Wewe unashika taa tu.

Sasa andika, na hapa ndipo wengi huanguka. “Nisamehe dhambi zangu zote” ni sala njema ya kumalizia, lakini ukianza nayo hutaona kitu. “Nina kiburi” nayo haitoshi. Andika hivi: “Jumatano mazoezini nilimkatiza mwenzangu mbele ya watu, kwa sababu alipewa kuongoza wimbo niliokuwa nautaka.” Nani, lini, nini, kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo tunayoiruka, nayo ndiyo mzizi.

Ukikosa pa kuanzia, chapisha taarifa yako ya M-Pesa ya miezi mitatu. Usijitetee, piga hesabu tu. Shilingi 50 za kubashiri mechi kila siku ni 1,500 kwa mwezi. Weka alama kwenye kila mkopo wa Fuliza na uandike ulikwenda kununua nini. Weka alama kwenye jina ambalo hungependa mume au mke wako aliulizie. Halafu tafuta jina ambalo halimo: mama yako kijijini, au yule uliyemwahidi karo ya mtoto. Karatasi ile haina adabu ya kukusitiri, na kwa kazi hii ndivyo inavyofaa.

Baada ya pesa, jiulize ni ujumbe wa nani unaouacha bila kuufungua. Jiulize simu yako inaona nini baada ya saa sita usiku.

Kilichoandikwa kiungame kwa Mungu kimoja kimoja, ukiishika ahadi ya msamaha ya 1 Yohana 1:9, kisha ukatengeneze. Zakayo mtoza ushuru alitaja kiwango cha kurudisha, mara nne. Ndugu wa uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walijulikana kwa kurudisha walichoiba na kuomba radhi ana kwa ana, na hilo wakaliita kutembea nuruni. Ila upana wa ungamo ulingane na upana wa kosa. Uliyemkosea mmoja, nenda kwa huyo mmoja. Maikrofoni si mahali pake, kwa maana utawafichua na wengine ambao hawakukutuma. Kama jambo linagusa kazi au sheria, usiende peke yako, nenda na mzee mnayemwamini. Na uwe na mwenzi mmoja wa kukuuliza kila juma, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, asiyepeleka maneno.

Saa mbili zikiisha, funga daftari hata kama hujamaliza. Kuna wanaochimba mpaka wanajizika. Roho Mtakatifu hutaja jambo na kuonyesha mlango. Ukibaki na uzito usio na jina, usio na la kufanya, huo usiupokee. Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, ndivyo Yohana alivyoandika. Ukijikuta unaandika makosa ya mchungaji, chana ukurasa huo. Chagua jambo moja, mawili kwa wingi, ulishughulikie siku 30, na kila jioni dakika 15 za kuangalia ulivyokwenda.

Furaha inaweza kuchelewa. Efeso waliambiwa wakumbuke, watubu, wayafanye matendo ya kwanza. Hawakuambiwa wangoje wasisimke. Kama zamani ulikuwa ukimtembelea mgonjwa kila Alhamisi, anza Alhamisi hii, moyo ukiwa mkavu vilevile.

Nanyi viongozi, ninawasihi sana. Mtu akiwaomba mwezi mmoja wa kukaa kiti cha nyuma ili atengeneze mambo yake, msimtangaze, msimwite aliyeanguka, wala msimpe mwingine nafasi yake. Mpigieni simu katikati ya mwezi, mumuulize amekula nini.

Mzee wenu katika Bwana,
Mombasa